Siku 3, usiku 2 Unguja: mwongozo kamili wa mapumziko mafupi ufukweni

Wasomaji wanaovuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa wikiendi ndefu hurudi na lalamiko lilelile. Hoteli ilikuwa safi, wahudumu wakarimu, chakula kitamu, lakini bahari haikuwepo. Walifika saa saba mchana wakakuta mchanga mtupu hadi upeo wa macho, na yalipojaa maji giza lilikuwa limeshaingia. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu wakafunga mizigo.

Hoteli haina kosa hapo. Kosa ni kwamba mtu huchagua hoteli kwa picha na tarehe kwa likizo aliyopewa kazini, halafu maji anayaachia bahati. Na picha za hoteli, bila shaka umeshaona, zote hupigwa maji yakiwa yamejaa. Mwenye wiki nzima atayapata tu siku mojawapo, ila mwenye siku tatu hana nafasi hiyo. Kwa hiyo hapa tunapanga kinyume: maji kwanza, kisha upande wa kisiwa, hoteli baadaye.

## Vitu vya kuwa navyo

- Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la Zanzibar. Yapo mengi mtandaoni na kwenye programu za simu. Ukilikosa, kalenda yenye tarehe za mwezi wa Kiislamu inatosha.
- Kitambulisho chenye jina lilelile litakaloandikwa kwenye tiketi: cha Taifa, pasipoti au leseni.
- Namba ya simu ya mapokezi ya hoteli yenyewe, si ya dalali.
- Shilingi taslimu za kutosha siku zote tatu. Mashine za kutolea pesa zimejaa mjini, ila huko vijijini ni chache na siku za sikukuu huishiwa. Pesa za simu zinasaidia, lakini usizitegemee peke yake.
- Begi dogo la mkononi lenye nguo za kuogelea, kanga au kikoi, krimu ya jua, dawa zako na chaja.
- Viatu vya mpira vinavyoshika mguu. Kandambili hunasa kwenye tope la mchanga na haikingi kitu.
- Nguo za kutembelea kijijini, zinazofunika mabega na magoti. Hizi ni kwa wanaume pia.
- Mfuko wa kitambaa. Ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar na bara.

Kama unasafiri na ndugu mwenye pasipoti ya kigeni, tuseme amekuja likizo kutoka Uingereza au Oman, kumbuka kwamba tangu Oktoba 1, 2024 wageni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya lazima ya safari, dola 44 kwa mtu mzima. Ilipieni mtandaoni kabla ya kuondoka. Mtanzania haimhusu.

## Hatua ya 1: Soma maji kabla ya kutazama hoteli yoyote

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayaendi mbali.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba saa za bamvua hazibadiliki sana. Katika mwambao wa Unguja na Dar, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake: yanajaa kwenye saa nne asubuhi na kupwa kwenye saa kumi jioni. Wavuvi hawahitaji jedwali kulijua hili, wanahesabu mwezi tu.

Sasa geuza hesabu hiyo iwe tarehe. Kwa mwezi wa Kiislamu, na kwa kukadiria:

Tarehe 12 hadi 16, na 27 hadi 2 ya mwezi unaofuata. Maji hujaa kati ya saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Kwa mtu wa siku tatu, hizi ndizo tarehe bora. Unafika mchana maji yakipanda, unaogelea jioni, asubuhi unatembea kwenye mchanga uliokauka.

Tarehe 18 hadi 21, na 4 hadi 6. Hapa ndipo wengi huumia. Maji yamejaa alfajiri, yanapwa katikati ya mchana, kisha yanarudi magharibi ikiwa imeshapita. Ukifika saa saba utakuta ule mchanga mtupu niliousema.

Tarehe 22 hadi 24, na 7 hadi 9. Maji mafu. Asubuhi ni nzuri, jioni yanapungua bila kukimbia mbali. Hazina uzuri wa bamvua wala balaa lake, na wenye watoto wadogo wanazipenda.

Mwisho wa hesabu hakikisha kwa jedwali, kwa kuwa mwandamo wa mwezi unaweza kusogeza tarehe kwa siku moja.

Umefaulu hatua hii ikiwa una karatasi yenye siku tatu na, mbele ya kila siku, saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kama likizo yako haiwezi kusogea na imeangukia tarehe mbaya, usikate tamaa. Hatua inayofuata ndiyo dawa.

## Hatua ya 2: Chagua upande wa kisiwa

Kaskazini: Nungwi na Kendwa. Fukwe zake zina kina karibu na nchi kavu, kwa hiyo hata maji yakipwa bado unaogelea, hasa Kendwa. Tarehe zako zikiwa mbaya, nenda huku bila kujadiliana sana. Bei ni ya juu, Nungwi kuna kelele za muziki usiku, na ufukweni wauzaji ni wengi. Jua linazama baharini mbele yako.

Mashariki: Matemwe, Pongwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje, Jambiani. Huku mwamba wa matumbawe uko mbali na pwani, na kati yake ni maji ya kina kifupi. Bamvua ikipwa, bahari inaondoka mamia ya mita. Ndiyo sababu ya lalamiko, na pia ndiyo sababu pwani hii ina mambo ambayo kaskazini haina: akina mama wakishughulikia kamba zao za mwani, wavuvi wa pweza, madimbwi yenye samaki wadogo wa kila rangi. Mimi ningechagua Jambiani kila mara tarehe zikiwa nzuri. Jua linachomoza baharini, na kijiji bado ni kijiji.

Michamvi Kae iko kwenye rasi ya kusini-mashariki lakini imegeukia magharibi, kwa hiyo unapata utulivu wa upande huo pamoja na machweo. Ni mbali kidogo, na daladala za huko si nyingi.

Upepo nao usiusahau. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi inapiga moja kwa moja Paje na Jambiani. Wacheza tiara za majini wanafurahi, wewe mchanga unakuingia machoni. Kendwa wakati huo imejikinga. Wakati wa masika, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli hufunga kabisa kwa matengenezo, na zinazobaki wazi hushusha bei.

## Hatua ya 3: Piga simu hotelini

Tovuti za kuweka nafasi ni nzuri kwa kulinganisha. Kabla ya kulipa, pigia mapokezi mwenyewe. Sababu ya kwanza ni bei: hoteli nyingi zina bei ya wakazi wa Tanzania ambayo haionekani kwenye tovuti za kimataifa, na usipoiulizia hutaambiwa. Sababu ya pili ni kwamba sauti ya anayepokea simu inakueleza mengi. Mahali ambapo mtu anakujibu bila haraka, akakuuliza mnakuja wangapi na mtafika na boti gani, kwa kawaida ndipo utakapopokelewa vizuri.

Uliza haya, na majibu uombe kwa maandishi ya WhatsApp:

1. Bei ya mkazi ni shilingi ngapi kwa chumba kwa usiku, na je, kodi pamoja na tozo ya miundombinu ya kila mtu kwa kila usiku zimo ndani?
2. Bei hiyo inahusu kifungua kinywa tu, au na chakula cha jioni? Wakisema milo yote na vinywaji, uliza ni vinywaji gani na vinaanza na kuisha saa ngapi.
3. Maji yakipwa, wageni wenu huogelea wapi? Hoteli ya mashariki isiyo na bwawa, kwa tarehe mbaya, si mahali pako.
4. Chumba kinapatikana saa ngapi, na siku ya kuondoka tunatoka saa ngapi? Kawaida ni kuingia saa nane mchana na kutoka saa nne asubuhi.
5. Jenereta ipo, na inawaka usiku kucha?

Swali la tatu ndilo mtihani. Mkweli atakwambia kuna bwawa, au kuna kidimbwi kwenye mwamba mwendo wa dakika kadhaa, au maji yanakuwa mbali na hakuna namna. Anayekujibu kwamba kwao maji hayapwi, na hoteli iko Paje, huyo muage kwa adabu.

Onyo: usitume pesa kwa namba binafsi ya mtu uliyempata kwenye mitandao ya kijamii. Kabla ya kulipa, linganisha jina la akaunti na jina la hoteli.

Umefaulu ikiwa una ujumbe mmoja wenye bei kamili, tarehe, idadi ya watu, milo iliyomo na jina la aliyekujibu.

## Hatua ya 4: Boti na barabara

Nunua tiketi ya kwenda na kurudi kwa pamoja, kwenye dirisha la ofisi au tovuti ya kampuni. Bandarini Dar, pale Sokoine Drive, utasimamishwa na vijana kabla hujafika getini wakikwambia boti imejaa au ofisi imehamia upande mwingine. Tembea tu hadi dirishani.

Boti za mwendo kasi huchukua karibu saa mbili. Panda ya kwanza ya asubuhi, inayoondoka saa moja. Kwa safari ya siku tatu, boti ya mchana inakula nusu ya siku yako ya kwanza, na siku hiyo ni theluthi nzima ya safari uliyolipia, ikianza kumomonyoka ukiwa kwenye foleni. Fika saa moja kabla ya kuondoka.

Kipindi cha kusi mkondo huchafuka. Kula kitu chepesi, kaa nyuma na chini, acha kutazama simu, na kipande cha tangawizi hakina gharama.

Kutoka mjini Unguja hadi Nungwi ni takriban kilomita 60, Paje kama 50. Kwa gari la kukodi ni saa moja hadi moja na nusu. Daladala ni nafuu mno lakini polepole: namba 116 ni ya Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe, 309 Jambiani na 324 Bwejuu. Kwa siku tatu, ushauri wangu ni huu: nenda kwa gari, kwa bei mliyokubaliana kabla ya kupanda, na ukitaka ladha ya daladala ipande siku ya pili kwa matembezi ya karibu.

## Hatua ya 5: Siku ya kwanza, kabla chumba hakijawa tayari

Ukishuka boti saa tatu asubuhi, hotelini utafika kwenye saa tano. Chumba ni saa nane. Watu wengi hukaa mapokezi saa tatu nzima, wamenuna, viatu mguuni.

Ndiyo maana ya lile begi la mkononi. Kunywa dafu au juisi watakayokukaribisha nayo, acha masanduku mapokezi, badili nguo kwenye choo cha wageni, shuka ufukweni.

Kabla ya kushuka, agiza chakula cha jioni. Hoteli ndogo za vijijini hupika kilichopatikana siku hiyo diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na mpishi akijua mapema anapata muda wa kukuchagulia. Usiulize menyu. Uliza leo wameleta samaki gani. Kama ni pweza, mwombe wa nazi. Ukingoja hadi saa mbili usiku ndipo uagize, utakula chipsi.

Umefaulu ikiwa kufikia saa nane umeshalowa maji ya chumvi, na mpishi anajua utakula nini.

## Hatua ya 6: Namna ya kupokea ukarimu

Ukarimu wa Unguja ni wa kweli, ila una mlango wake, na mlango huo ni salamu. Mtu wa bara mwenye haraka husimama mapokezi na kuanza na neno la siri la intaneti. Atapewa, lakini ameshajiweka kundi la watalii.

Anza na salamu kamili. Kwa mtu mzima sema shikamoo na usubiri marahaba. "Mambo" haimfai mzee wa bustani. Ukisalimiwa asalaam aleikum, itikia waaleikum salaam hata kama dini yako ni nyingine, hakuna atakayekushangaa. Uliza habari za asubuhi na usikilize jibu kabla ya kutaja shida yako. Mama anayefanya usafi muite Bi na jina lake, na kijana wa mgahawani usimwite kwa kupiga makofi au kumsonya.

Hii si adabu ya bure. Aliyesalimiwa vizuri siku ya kwanza ndiye atakayekugongea mlango siku ya pili kukwambia maji yamegeuka, au kukuletea vitumbua vya moto ambavyo havipo kwenye bafe.

Mambo mengine machache:

- Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Ukivuka barabara kwenda dukani, jifunge kanga.
- Mwezi wa Ramadhani usile, usinywe wala kuvuta sigara hadharani mchana nje ya hoteli. Jioni, ukikaribishwa futari, nenda.
- Usipige picha akina mama wa mwani au watoto bila ruhusa. Omba kwanza, wakikataa, endelea na safari.
- Bakshishi iweke kwenye sanduku la wafanyakazi wote kama lipo, kwa sababu mpishi na dobi huwaoni.

Vijana wa ufukweni, mapapasi kama wanavyoitwa, watakuja wakiuza safari za boti. Ukiwa huna haja, "asante kaka, leo nimepumzika" yenye tabasamu inatosha. Ukisema "labda kesho", kesho atakuja kweli na utamlaumu nani?

## Hatua ya 7: Siku ya pili ni ya maji

Siku hii ndiyo pekee uliyo nayo kamili, kwa hiyo jambo kubwa lifanye leo. Jambo moja. Wanaojaribu kisiwa kidogo cha Mnemba, msitu wa Jozani na Mji Mkongwe kwa siku moja hurudi wamechoka kuliko walivyokuja.

Maji yakipwa asubuhi, toka kutembea kwenye mchanga saa moja na nusu hivi kabla ya kupwa kabisa. Vaa vile viatu vya mpira, kwa kuwa kwenye majani na miamba kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Usikanyage kamba na vigingi vya mwani. Hilo ni shamba la mtu.

Onyo kubwa la mwongozo huu: yakianza kurudi, maji hayaji kwa mstari kutoka mbele. Hupita kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako. Geuka urudi saa ya kupwa iliyoandikwa kwenye karatasi yako ikifika, hata kama mwamba unauona karibu. Ukiwa na watoto, geuka mapema zaidi.

Kutazama samaki kwa miwani na mrija eneo la Mnemba, boti huondoka Matemwe au Nungwi asubuhi. Uliza kama ada ya hifadhi imo kwenye bei, kama kuna jaketi la kuokolea kwa kila mtu, na lione kwa macho kabla ya kulipa. Ukipenda mgahawa wa The Rock pale Michamvi Pingwe, jedwali lako linakusaidia hapo pia: maji yakipwa unakwenda kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Weka nafasi mapema.

Umefaulu ikiwa jioni una chumvi mwilini, ngozi haijaungua, na bado una nguvu ya kukaa nje baada ya kula.

## Hatua ya 8: Siku ya kuondoka

Wahenga walimpa mgeni siku mbili na ya tatu jembe. Hotelini ya tatu wanakupa bili, na bili inayosomwa kwa haraka ndiyo inayoharibu ukarimu wa siku mbili.

Iombe usiku wa kuamkia. Ilinganishe na ule ujumbe wa WhatsApp mstari kwa mstari: kodi, tozo, vinywaji, maji ya kunywa. Kukiwa na tofauti, ulizeni mkiwa mmekaa, usiku, mhasibu akiwa hana foleni. Kama bei ilitajwa kwa dola na unalipa shilingi, kubalianeni kiwango cha kubadilishia siku ya kwanza.

Kisha omba mambo mawili: masanduku yabaki mapokezi baada ya saa nne, na ruhusa ya kuoga kwenye bafu la bwawa kabla ya safari. Hoteli nyingi hukubali bila malipo, na kwa kufanya hivyo unapata asubuhi nzima ya ziada.

Tiketi yako ya kurudi iwe ya boti ya alasiri. Ondoka Nungwi au Paje si chini ya saa tatu na nusu kabla ya boti: saa moja na nusu ya njia, saa moja ya bandari ya Malindi, na saa moja ya tairi, mvua au dereva aliyesimama kununua mihogo. Tairi lisipopasuka, soko la Darajani liko jirani na bandari, na viungo pale ni nafuu kuliko duka la hoteli.